Opereta wa Simu Ishirini na Nne

Opereta hakupenda kushikwa mkono. Mgeni akimkuta chini ya ngazi za ofisi, fimbo yake nyeupe ameibana kwapani, alimkimbilia na kumshika kiwiko ili ampandishe. Opereta alisimama tuli, kama ng'ombe aliyekataa kuingia josho, mpaka mkono ule umwachilie. Kisha alisema kwa upole wa kukera, "Asante sana. Sasa tangulia wewe, nisije nikakukanyaga." Ngazi zenyewe zilikuwa saba, na ya tano ilikuwa imemeguka pembeni. Kwa miaka yote niliyokaa pale, waliojikwaa kwenye ngazi ya tano ni sisi wenye macho.

Sote tulimwita Opereta, kuanzia meneja hadi mlinzi wa lango. Jina lake nililiona kwenye faili, na nilipiga taipu barua mbili tatu zenye jina hilo, ila hapa sitaliandika. Sidhani angependa liandikwe na mkono wangu.

Nilimkuta katika ofisi kuu ya chama chetu cha wakulima, mjini Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa msichana wa kupiga taipu, kibarua, baba yangu akiwa na shamba upande wa Saboti. Yeye alikuwa na chumba kidogo kando ya mlango mkuu, na mlango wake ulitazamana na wangu. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kiti kimoja, koti moja kwenye msumari, na ubao wa simu.

Kwa asiyewahi kuuona ubao wa namna hiyo, ulikuwa kama kabati la mbao lenye matundu safu kwa safu, na juu ya kila tundu kifuniko cha chuma chenye upana wa ukucha. Mtu akiinua simu ya mezani kwake, kifuniko chake kilianguka. Opereta alichomeka waya kwenye tundu lile, akauliza namba inayotakiwa, akachomeka waya wa pili kule inakokwenda. Simu za mezani zilikuwa ishirini na nne, nyeusi, nzito kama pasi ya makaa, za kuzungusha namba kwa kidole. Sisi tulisikia mlio mmoja tu wa vifuniko. Yeye alisikia ishirini na nne. "Cha bwana mbegu kinaanguka kama mtu anayekohoa," aliniambia. "Cha meneja kinaanguka polepole. Nadhani kinaogopa."

Alijipenda. Viatu vyake vilimeremeta kuliko vya meneja, na harufu ya rangi ya viatu ilitangulia kuingia ofisini kabla yake. Tai alikuwa nazo tatu, na mkewe alizitia vifundo vya uzi kwa nyuma ili ajue ipi inaendana na shati gani. Siku moja mmoja wa madereva wetu alimtania kwamba amevaa soksi mbili tofauti. Opereta alivua viatu vyote viwili palepale koridoni, akaita wafanyakazi watatu mmoja baada ya mwingine, akawauliza rangi. Walipokubaliana kwamba soksi zinafanana, alivaa viatu vyake tena, na yule dereva hakuunganishiwa simu yoyote kwa wiki nzima. Kila alipoomba, laini ilikuwa na shughuli.

Sauti alikuwa nazo mbili. Ya kwenye simu ilikuwa Kiingereza laini kilichopigwa pasi, na wageni kutoka Nairobi walishangaa wakifika kukuta ni mtu wa Bungoma mwenye mashavu mapana na fimbo. Ya pili ilitoka akikasirika. Hapo r na l zilibadilishana viti, na mimi, ambaye aliniita Karani, niligeuka Kalani. "Kalani! Nani amegusa laini yangu ya Bungoma? Mrikuwa wapi wakati mtu anaingia humu?" Ukicheka umeharibu. Alikuwa akikumbuka kicheko cha mtu kwa miaka.

Neno kipofu hakulikimbia. Watu walipoanza kusema "asiyeona" kwa adabu, aliwakata. "Mimi ni kipofu, si kiziwi. Punguza sauti." Maana watu wengi, sijui kwa nini, walimpigia kelele.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mgumu, na ugumu wake uliwahi kuumiza mtu. Sheria ya ofisi ilisema wafanyakazi wa chini hawapigi simu za nje. Asubuhi moja msafishaji wetu, mwanamume mkimya kutoka Chwele, aliomba aunganishwe na hospitali ya Bungoma aulizie mama yake aliyelazwa. Opereta alimwambia, "Leta ruhusa ya meneja." Meneja alikuwa Eldoret siku hiyo. Msafishaji alisimama mlangoni kwa muda, ufagio mkononi, akisubiri labda moyo wa mtu ubadilike. Haukubadilika. Kesho yake ndugu zake walimletea habari kwamba mama amefariki jana jioni.

Opereta hakuomba msamaha. Nilikuwa nikimtazama kwa hasira, jambo lisilo na maana kumfanyia mtu kama yeye. Lakini tangu wiki ile, msafishaji au mpagazi wa ghala akiingia chumbani mle, Opereta aliuliza tu, "Wapi?" akachomeka waya. Kwenye daftari la simu alinituma niandike "kujaribu laini". Tulijaribu laini za Webuye, Kimilili, Kapenguria, hata Mombasa. Hakuna aliyetuuliza.

Alisikiliza mazungumzo ya watu. Alikana mbele ya kila mtu, lakini sote tulijua. Alijua nani anaachwa na mumewe, nani anatafuta kazi kwingine, bwana gani wa ghala ana mke wa pili Moi's Bridge. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia siri hata moja ikitoka kwake. Nilimwuliza wakati fulani kama haimchoshi kubeba yote hayo. Akasema, "Sikio si mdomo, Karani. Mungu aliviweka mbali."

Ila kuna siku alitumia vizuri alichokisikia. Lori letu lilipinduka kwenye barabara ya Suam wakati wa mvua, na dereva wake akafa. Simu ya polisi iliingia saa nne asubuhi. Kabla meneja hajamaliza kuambiwa, simu nyingine ikaingia: mke wa dereva, akipiga kutoka posta, akiuliza kama lori limerudi kwa sababu ameota vibaya. Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinong'ona kwamba akatwe. Opereta hakumkata. Alimwambia lori halijarudi, na hiyo ilikuwa kweli. Kisha akamwuliza habari za shamba, za mtoto wao aliyeanza shule, za kanisa lao, yuko na nani hapo posta. Huku akizungumza, mkono wake wa kushoto ulichomeka waya mwingine, akanipa mimi ishara nishike simu ya pembeni nimwombe mchungaji wao aende posta haraka. Alizungumza na yule mama karibu nusu saa. Niliposikia sauti ya mchungaji upande wa pili ikisema "Mama watoto, njoo tukae hapa," Opereta alichomoa waya, akaegemeza paji la uso kwenye ubao, akakaa hivyo. Vifuniko vilianguka vitano, sita, asiviguse.

Alinichagua mimi kuwa msomaji wake. Barua zake zote, za nyumbani na za kazi, aliniletea saa ya chakula cha mchana. Mkewe alibaki Bungoma, upande wa Kibabii, akilima, naye alikwenda kwao kila mwisho wa juma wa mshahara. Siku ya kwanza alinipa sharti. "Utasoma kilichoandikwa. Usinifupishie, usinipunguzie makali. Mke wangu akinitukana, nawe nitukane hivyohivyo." Na kweli mkewe alikuwa na kalamu kali. Nakumbuka nikisoma, nimeinamisha kichwa kwa haya, "Wewe umeolewa na viatu vyako, mimi niko hapa na matope." Opereta alicheka hadi akatafuta leso. "Soma tena hapo," akasema. "Hapo pa viatu."

Hivyo ndivyo tulivyokaa miaka tisa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini ubao ulianza kufa. Nyaya zilichanika, naye akazifunga kwa mpira wa baiskeli. Mvua kubwa ikipiga Kitale alasiri, laini ya Bungoma iliunguruma kama jiko la stovu. Vipuri havikupatikana tena, hata Nairobi. Meneja mpya aliyekuja, kijana mwenye haraka, alitaka kung'oa kila kitu. Akaita mkutano wa wafanyakazi, na Opereta akainuka.

"Bwana Meneja, simu za mezani ni nzima," alisema. "Nimezisikiliza miaka hii yote. Kilichozeeka ni huu ubao wangu. Badilisheni ubao, simu ziacheni. Zisafishwe tu, zitatumika na mtambo mpya bila shida."

Meneja akaandika kitu. Wiki chache baadaye watu wa mitambo kutoka Eldoret walikuja, wakapima, wakakubaliana naye. Simu zibaki, ubao uondoke. Opereta alitembea siku hiyo kama mtu aliyeozesha binti.

Jumanne moja meneja aliniita. Alifunga mlango mwenyewe.

"Nyambura, umekuwa kibarua hapa miaka mingapi?"

"Tisa, Bwana Meneja."

"Miaka tisa! Hiyo si haki hata kidogo." Alizungusha kalamu mezani. "Sikiza. Wale watu wa mitambo wamemtumia Opereta nakala ya mpango wao ili awatayarishie nyaya. Atakuletea umsomee. Ukurasa wa tatu, kifungu cha nne, hicho kiruke."

"Kina nini?"

"Utakiona. Bodi inakaa Alhamisi, na mimi sitaki kelele kabla ya bodi. Baadaye nitamwambia mimi mwenyewe, kwa heshima zake." Akanitazama. "Mtambo mpya utahitaji mtu wa kuukalia. Mtu wa kudumu, si kibarua."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na meneja alikuwa mtu wa kuelewa upesi.

Saa saba Opereta aliingia na bahasha, akavuta kiti, akakunja mikono. Ukurasa wa kwanza ulisema simu zote ishirini na nne zitabaki. "Si niliwaambia?" akasema, akipiga goti lake. Wa pili ulikuwa wa nyaya. Alinirudisha nyuma mara mbili, akasahihisha kosa walilofanya kuhusu waya wa ghala. Nikafungua wa tatu. Nikasoma kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Kifungu cha nne nakijua kwa moyo mpaka leo. Kilikuwa kwa Kiingereza, ila maana yake ni hii: Mtambo uliochaguliwa huonyesha simu zinazoingia kwa taa na maandishi, hivyo anayeukalia lazima awe anaona. Upo wa aina nyingine, wenye pini ndogo za kuguswa kwa vidole, ambao kipofu anaweza kuutumia. Ofisi yako imetueleza kwamba huo hauhitajiki, kwa kuwa kazi ya opereta wa sasa itakoma siku mtambo utakapowashwa.

Macho yangu yalikipita chote. Nikasoma kifungu cha tano, kilichohusu rangi ya kuta baada ya kuchimbwa.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha."

"Hawakusema mimi nitautumiaje?"

"Hapana," nikasema. "Labda watakuja kukufundisha."

Uongo wa kwanza niliagizwa. Huo wa pili niliutunga mwenyewe, hakuna aliyeniomba.

Alhamisi mwenyekiti wa bodi alifika mapema, kama desturi yake. Alikuwa mkulima mzee wa Saboti, mtu wa makoti mazito na maneno machache, na hakuwahi kupanda juu mkutanoni kabla hajaingia kumsalimu Opereta. Walikuwa wakiongea mvua na mahindi. Mzee huyo hakuwa msomaji wa makaratasi; aliamini anachoambiwa na watu anaowaamini, na Opereta alikuwa mmoja wao. Nilikuwa kwenye taipu yangu, milango yote miwili iko wazi.

"Mzee, mtambo mpya unakuja," Opereta alimwambia. "Na simu zetu zinabaki!"

"Vizuri, vizuri," mwenyekiti akasema. "Na wewe unakaaje na hiyo mashine?"

"Watanifundisha."

"Basi mimi sina neno."

Palikuwa na hatua nne kutoka kiti changu hadi pale mlangoni. Nilizihesabu kwa macho. Mwenyekiti aliweka kofia yake kichwani, akapanda ngazi, na bodi ikapitisha kila kitu kabla ya saa ya chai.

Meneja hakumwambia kitu wiki ile, wala mwezi ule. Fundi alikuja kutoka Eldoret, mtu mwembamba mwenye adabu, na Opereta akamzungusha chumba kwa chumba. Hapakuwa na ramani ya nyaya popote. Ramani ilikuwa kichwani mwake: hii inapita juu ya dari ya masijala, hii iliwekwa upya mwaka ule panya walipokula, hii usiiguse kabla hujazima ile. Kila simu aliinua, akazungusha namba, akasikiliza kile kisahani cha namba kikirudi. "Hii ya ghala imechoka. Ukipiga tisa inahesabu nane." Fundi alifungua, akapima kwa chombo chake, akakuta ni kweli. Akacheka kwa mshangao. Halafu siku hiyohiyo alinifuata taipuni, sauti chini.

"Dada, huyu mzee ameshaambiwa?"

"Meneja atamwambia."

"Ni vibaya, bana. Mimi naona aibu. Ananifundisha kazi na mimi ndiye namtoa."

Nikaendelea kupiga taipu.

Katika miezi mitatu iliyopita kabla ya mtambo kuwashwa, Opereta alizidi kuniletea vitu vya kusoma. Zamani ilikuwa barua mbili kwa mwezi. Sasa alikuja karibu kila mchana: tangazo la mbegu, gazeti la juma lililopita, karatasi iliyotoka ndani ya pakiti ya dawa ya kuku. Hakucheka tena. Nikimaliza aliuliza, "Imeisha?" nami nikajibu imeisha, naye alikaa kidogo kabla ya kuinuka. Nilidhani ni uzee unaingia, au upweke.

Siku ya kuwasha mtambo tulikunywa chai na mandazi koridoni. Meneja alitoa hotuba fupi kuhusu maendeleo, akampa Opereta bahasha, akamshika mkono, akamkabidhi zawadi ya wafanyakazi. Ilikuwa saa ya ukutani. Sijui nani aliichagua. Opereta aliipapasa kioo, akaiweka sikioni. "Inatembea vizuri," akasema, na watu wakapiga makofi kwa sababu hawakujua la kufanya. Bahasha aliitia mfukoni. Kwa mara ya kwanza hakuniletea nimsomee.

Alikuwa akivaa koti lake fundi alipojaribu kengele zote kwa pamoja. Jengo zima lililia. Opereta alisimama katikati ya korido, mkono mmoja ndani ya mkono wa koti na mwingine nje, akisikiliza. Kengele ziliponyamaza akasema, "Ishirini na tatu. Ya ghala haijalia." Fundi alikimbia ghalani, akakuta waya umelegea. Aliporudi kusema asante, Opereta alikuwa ameshafika langoni. Ile saa ya ukutani alimpa mlinzi.

Dereva, yuleyule wa soksi, alisema kwa sauti ili meneja asikie, "Simu nzee zimebaki. Mtu ndiye ametupwa."

Jumatatu nilikalia mtambo mpya. Barua yangu ya kazi ya kudumu ililetwa saa tano, nami niliipokea kwa mikono miwili. Taa ndogo ziliwaka na kuzimika, na watu kutoka kila upande walianza na swali moja: "Opereta yuko wapi?" Nikasema amestaafu. Mama mmoja wa Kapenguria alisema hajawahi kumwona lakini atamkosa, akaniuliza jina lake nani amwombee. Nikasema laini ni mbaya, nikakata.

Mwenyekiti alikuja baada ya mwezi. Aliingia mlangoni mwa chumba kile akiwa tayari ameanza salamu, akanikuta mimi.

"Yuko wapi mwenyewe?"

Nikamweleza kwamba mtambo unahitaji mtu anayeona. Alivua kofia, akaukodolea mtambo macho.

"Na hakukuwa na namna nyingine?"

Nilitazama taa za mtambo. "Ilikuwepo."

"Mbona hakuniambia? Siku ile alikuwa hapa, anacheka! Angeniambia ningelisimamisha hilo jambo palepale." Alitikisa kichwa kwa uchungu, na uchungu huo ulikuwa juu ya Opereta, kwamba rafiki yake alimficha. Nilimwacha aondoke nao. Alifariki miaka miwili baadaye, na najua alikufa akiamini hivyo.

Miaka ya tisini haikukitendea chama chetu wema. Wakulima walianza kuuza mahindi yao wanakotaka, maghala yakabaki na popo, meneja akapata kazi kwingine kabla paa halijatuangukia. Mwishoni nilitumwa Bungoma kufunga masijala ya tawi. Siku ya tatu, mwanamke aliyetuuzia chakula alitaja, katika mazungumzo yake ya kawaida, kipofu anayeendesha mashine ya kusaga mahindi kule Kibabii. "Anasikia punje," alisema. "Ukimpelekea mahindi mabichi anakufukuza."

Nilikwenda siku iliyofuata, adhuhuri, jua la Bungoma likiuma utosi. Kibanda kilikuwa cha mabati, na wanawake wanne walikaa kivulini na madebe yao, kwa sababu stima ilikuwa imepotea na mashine imezimika. Yeye alikaa kwenye benchi nje, amejaa unga hadi kwenye nyusi. Alikuwa amekonda. Miguuni alikuwa na malapa ya mpira.

"Hodi, Opereta," nikasema.

Hakugeuka upesi. "Karibu, Karani. Kaa. Stima itarudi wakati wake."

Nilikaa. Tukaulizana hali, kama watu. Mkewe yuko, anaumwa magoti. Kisha akauliza, "Simu zangu zinaendeleaje?"

Ningeweza kusema zipo. Nilikuwa na mazoea. "Zilitupwa, mwaka juzi," nikasema. "Zililetwa za plastiki. Zile nyeusi ziko nyuma ya ghala, zinanyeshewa."

"Zote?"

"Zote."

Alipangusa unga kwenye goti, ukabaki palepale. "Zilikuwa nzima," akasema.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia, wanawake wale wakisikia, kwamba karatasi ile ilikuwa na kifungu ambacho sikukisoma. Nikamwambia kilisema nini, neno kwa neno. Nikamwambia kuhusu meneja na kazi ya kudumu.

"Najua," akasema nilipomaliza. "Nilijua Jumamosi ileile. Ulikuwa mwisho wa juma wa mshahara, nikaja nayo nyumbani. Binti yangu alikuwa darasa la sita, akanisomea silabi kwa silabi. Yeye hakuelewa anachosoma. Mimi nilielewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Bodi ilikuwa imeshakaa. Nikaona ningoje uniambie wewe." Aligeuza uso kwangu. "Uridhani nataka kujua dawa ya kuku, Nyambura? Kila karatasi niliyokuletea nilikuwa nakupa nafasi. Nikikuuliza imeisha, nakupa tena. Miezi mitatu. Mpaka siku ya chai nilikuwa bado nangoja."

Mmoja wa wanawake alitazama chini. Mwingine alinitazama mimi.

"Naomba unisamehe," nikasema.

"Kuomba sikukatazi," akasema.

Nilingoja neno la pili. Ndani ya kibanda taa iliwaka, na wanawake wakainuka kwa pamoja wakijitwisha madebe yao. Opereta aliinuka pia, akauliza ni zamu ya nani, akatumbukiza mkono ndani ya debe la kwanza, akazichezesha punje karibu na sikio. "Haya yamekauka," akamwambia mwenyewe. "Mwaga." Kisha akawasha mashine, na baada ya hapo hata kama ningesema kitu, asingenisikia.